Vitabu vya jozi: mapitio ya huduma ya kuazima vitabu vya historia ya siasa za Uingereza, Mtwara mjini

Katika barabara inayoelekea Shangani, Mtwara mjini, kuna duka la vitabu vya mitumba ambalo bango lake limeandikwa neno "Vitabu" na si zaidi. Wengi huingia kutafuta vitabu vya kiada vya kidato cha tano na cha sita, wakavipata, wakalipa na kuondoka. Mapitio haya hayahusu vitabu hivyo. Yanahusu kabati moja la upande wa ndani, lenye vitabu vya historia ya siasa za Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na utaratibu ambao mwenye duka, mama mmoja aliyestaafu ualimu wa historia, ameuwekea kabati hilo: kitabu hakiazimwi peke yake. Ukitaka kimoja unapewa na kingine kinachokipinga, vyote viwili vikiwa vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani, na juu yake karatasi moja au mbili za muhtasari alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili. Wateja wamezoea kuziita "jozi". Nimezisoma jozi zote zilizomo kabatini, na ninaandika kwa sababu naamini kwamba hii ndiyo huduma bora ya kujifunzia historia niliyowahi kuikuta katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, na pia kwa sababu ina kasoro moja kubwa ambayo inastahili kusemwa waziwazi na mtu anayeitakia mema.

Ukifungua kabati utakuta karatasi iliyobandikwa upande wa ndani wa mlango, nayo isisomwe kwa haraka. Inaeleza, kwa lugha ambayo mwanafunzi wa sekondari ataielewa bila taabu, kwamba kwa muda mrefu Waingereza waliisimulia historia yao ya siasa kuwa safari moja iliyonyooka kuelekea uhuru: Magna Carta ya 1215, mapinduzi ya 1688, Sheria ya Mageuzi ya 1832, kura kwa baadhi ya wanawake mwaka 1918 na kwa wanawake wote watu wazima mwaka 1928, kila hatua ikionekana kuitayarisha ile inayofuata. Mwaka 1931 Herbert Butterfield, mwanahistoria wa Cambridge, aliushambulia mtindo huo wa kusimulia, akisema kwamba unawagawa watu wa zamani katika makundi mawili, wanaosukuma maendeleo na wanaoyazuia, kwa kipimo cha mtu wa leo ambaye tayari anajua mambo yaliishia wapi. Chini ya maelezo hayo mwalimu ameandika maswali matatu ambayo anamtaka kila mwazimaji ayajibu kabla ya kuirudisha jozi: mwandishi huyu aliandika mwaka gani, nchi yake ilikuwa katika hali gani mwaka huo, na alikuwa na nyaraka zipi mezani?

Naona hekima kubwa katika kuanzia hapo, kwa kuwa masimulizi yale ya safari iliyonyooka yalitufikia hata sisi. Vizazi vya wanafunzi wa Tanzania vimesoma kwamba Bunge la Westminster lilikua polepole na kwa amani, na kwamba mataifa mengine yangefanya vyema kulifuata. Karatasi ya mlangoni inakumbusha kwamba sheria ile ya 1832 iliwaacha nje ya daftari la wapiga kura wanaume walio wengi na wanawake wote, na kwamba katika visiwa hivyo hivyo, kati ya 1919 na 1921, Waairishi walipigana vita ili watoke katika Bunge hilo. Hayo hayafuti yale yaliyopatikana. Yanamfanya msomaji aulize ni nani aliyeachwa nje ya masimulizi, na hilo ndilo swali linalomfaa kabla hajafungua jozi yoyote.

Jozi ambayo ningemshauri mgeni aanze nayo ni ile ya kuanguka kwa chama cha Liberal. Mwaka 1906 Waliberali walipata karibu viti 400 kati ya 670. Mwaka 1924 walibaki na viti 40, na tangu hapo hawakupata tena kuunda serikali peke yao. Jambo kubwa kiasi hicho linahitaji sababu, na waandishi wawili waliofungwa pamoja hapa wanatoa sababu zisizopatana. George Dangerfield, aliyeandika mwaka 1935, anasema kwamba chama hicho kilikuwa kimeshakufa kabla ya 1914, kikizidiwa kwa wakati mmoja na uasi wa Malodi wa baraza la juu la Bunge, wanawake waliodai kura, migomo ya vyama vya wafanyakazi na tishio la vita katika Ulster, kaskazini mwa Ireland. Trevor Wilson, aliyeandika mwaka 1966, anamfananisha Mliberali na mtu aliyekuwa na dalili za ugonjwa, ambao huenda angepona, lakini basi la abiria lililoshindwa kudhibitiwa, yaani Vita Kuu ya Kwanza, likapanda njia ya waenda kwa miguu na kumgonga. Msomaji akishamaliza vitabu vyote viwili, muhtasari wa mwalimu unamwongezea hoja ya tatu iliyotolewa mwaka 1976 na wanahistoria watatu, Matthew, McKibbin na Kay: kwamba kabla ya 1918 ni takriban wanaume sita tu kati ya kumi waliokuwa na haki ya kupiga kura, na kwamba sheria ya mwaka huo ilipoongeza idadi ya wapiga kura kutoka chini ya milioni 8 hadi zaidi ya milioni 21, chama cha Labour kilipata watu ambao hapo awali hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Ubora wa muhtasari huo uko katika kuonyesha kwamba hoja ya tatu haikutokana na kipaji cha kusimulia kilicho kikubwa kuliko cha wale wawili wa kwanza. Ilitokana na watu kuchukua madaftari ya wapiga kura na kuuliza nani alikuwamo na nani hakuwamo. Mwanafunzi anayetoka kwenye jozi hii akiwa ameelewa hilo tu amepata kitu ambacho ni vigumu kukipata darasani, ambako sababu za tukio hutolewa zikiwa tayari zimehesabiwa, tano au sita, na kazi ya mtahiniwa ni kuzikariri kwa mpangilio.

Jozi ya sera ya kumridhisha Hitler nayo ni nzuri, ila muhtasari wake ni dhaifu kuliko mingine, na ningependa urekebishwe. Unaeleza sawasawa kwamba mwezi Julai 1940 waandishi watatu wa magazeti, mmoja wao akiwa Michael Foot, walichapisha kwa jina la bandia la Cato shutuma kali dhidi ya Neville Chamberlain, aliyekuwa waziri mkuu, na wenzake, na kwamba Winston Churchill, katika majuzuu sita aliyoyatoa kati ya 1948 na 1954, aliithibitisha hukumu hiyo kwa sauti ya mtu ambaye alikuwa ameonya mapema. Unaeleza pia kwamba baadaye walikuja wanahistoria waliomtetea Chamberlain kwa kusema kwamba nchi yake haikuwa na fedha, ndege wala washirika wa kutosha mwaka 1938. Kinachokosekana ni sababu ya utetezi huo kuja wakati ule uliokuja. Sheria ya 1958 iliziweka nyaraka za serikali chini ya kufuli kwa miaka 50. Sheria ya 1967 ikapunguza muda huo kuwa miaka 30, na kwa ghafla kumbukumbu za baraza la mawaziri la Chamberlain zikawa wazi kwa kila mtafiti. Walioingia kuzisoma waliwakuta mawaziri wakihesabu madeni, viwanda na mizinga, nao wakaanza kuuona ugumu wa uamuzi kwa macho ya wale waliouamua. Hatimaye, mwaka 1993, R. A. C. Parker alizisoma nyaraka hizo hizo na kusema kwamba njia nyingine zilikuwapo na kwamba Chamberlain alizikataa kwa hiari yake. Bila historia hii ya kufuli na ufunguo, msomaji anabaki akidhani kwamba wanahistoria hubadilisha maoni kama upepo wa kusi na kaskazi, wakati ukweli ni kwamba kila kizazi kilikuwa na karatasi tofauti mezani. Swali la tatu la mlangoni lilitungwa kwa ajili ya mjadala wa namna hii, na hapa mwalimu amesahau kulijibu.

Kuhusu wanaotafuta siasa katika mazungumzo ya wakubwa wachache, kwa njia aliyoianzisha Lewis Namier kwa karne ya 18 na ambayo Maurice Cowling aliipeleka kwenye karne za 19 na 20, na wanaoitafuta miongoni mwa wafumaji, wachimba migodi na mafundi, kwa njia ya E. P. Thompson aliyeandika mwaka 1963, nitasema machache tu. Jozi hiyo ipo, ni nzito, na inamfaa zaidi mwanafunzi wa chuo kikuu. Jozi ya miaka ya 1970 ni nyepesi na inasomeka haraka. Inahusu mkopo ambao serikali ya Labour iliomba kwa Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1976, migomo ya majira ya baridi ya 1978 na 1979, na ushindi wa Margaret Thatcher wa Mei 1979. Na swali lake ni kama nchi ilikuwa kweli imeshindwa kutawalika, au kama picha hiyo ya kushindwa ilijengwa na magazeti na chama cha upinzani, kama alivyodai Colin Hay mwaka 1996. Kwa msomaji wa Tanzania, ambaye nchi yake iliingia makubaliano yake na Shirika hilo hilo mwaka 1986 na ambaye bado anasikia watu wazima wakibishana juu ya nani aliyeilazimisha, jozi hiyo ina mvuto wa pekee.

Sasa nifike kwenye jozi iliyo bora kuliko zote, ambayo ndiyo pia inayoifichua kasoro niliyoitaja. Inahusu serikali ya Labour ya Clement Attlee, kuanzia Julai 1945 hadi Oktoba 1951, serikali iliyotaifisha migodi ya makaa ya mawe na reli na kuanzisha huduma ya afya ya taifa mwezi Julai 1948. Paul Addison, aliyeandika mwaka 1975, anasema kwamba makubaliano juu ya mambo hayo yalipatikana wakati wa vita, ndani ya serikali ya mseto, na kwamba kwa miaka mingi baadaye vyama vyote vikubwa viliyaheshimu. Ben Pimlott, mwaka 1988, anajibu kwamba maafikiano hayo ni hadithi iliyotungwa baadaye, kwa kuwa watu walioishi wakati huo waligombana vikali juu ya karibu kila kitu. Muhtasari unamwongeza Correlli Barnett, ambaye mwaka 1986 aliilaumu Uingereza kwa kutumia fedha kwenye ustawi wa jamii wakati viwanda vyake vilikuwa vinachakaa, na unamwongeza David Edgerton, ambaye mwaka 2018 aliyapinga masimulizi yote ya kuporomoka na kusema kwamba Uingereza kama taifa linalojitazama lenyewe na kujitegemea lenyewe ilizaliwa baada ya 1945, kutokana na kile kilichokuwa himaya.

Muhtasari huo umeandikwa kwa umakini, na mwalimu anastahili pongezi kwa kueleza jinsi wakati wa kuandika unavyoonekana ndani ya kila hoja. Addison aliandika wakati ambapo watu walianza kuhofu kwamba maafikiano yanavunjika. Barnett aliandika katika miaka ya Thatcher, ambapo kuulaumu mwaka 1945 kulikuwa na wasikilizaji wengi. Edgerton aliandika baada ya kura ya 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, wakati ambapo swali la taifa hilo ni nini hasa lilikuwa midomoni mwa wote. Nimesoma kurasa hizo mbili zaidi ya mara moja, na sioni neno la kuondoa.

Lakini ndani ya jozi hiyo yote, vitabu pamoja na muhtasari, anayetafuta Nachingwea, mahali ambapo serikali hiyo hiyo ilijaribu kulima karanga, haipati. Ataikuta karibu na mlango wa mbele, katika kabati jingine kabisa lililoandikwa "Makoloni", pamoja na vitabu vya Maji Maji na vya utawala wa machifu. Huko ndiko ulikowekwa Mpango wa Karanga, na mimi nasema kwamba huko siko mahali pake, au angalau si mahali pake peke yake.

Tuutazame mpango huo ulivyokuwa. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali ya Labour wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula, ambayo wakati huo walikuwa wakiyapata kwa mgao. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipita katika nchi hizi kwa majuma machache na kupendekeza ekari milioni 3.21 zifyekwe katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu kubwa zaidi ilipangwa kuwa hapa, katika Jimbo la Kusini la wakati huo. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliubeba mpango huo Bungeni kwa moyo wote. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea, kisha ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya shehena ya karanga ambazo hazikupata kuja kwa kiasi kilichotarajiwa. Huko Kongwa, katikati ya Tanganyika, ardhi ilikuwa ngumu na mvua haikutosha. Mwezi Januari 1951 serikali ilitangaza kuuachilia mpango wa awali, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa katika hesabu. Reli yetu iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bandari ikabaki.

Haya yote ni siasa za Uingereza. Uamuzi ulifanywa na baraza la mawaziri la London, fedha zilikuwa za mlipa kodi wa Uingereza, lawama zilitolewa katika Bunge la Uingereza, na Wahafidhina walizitumia dhidi ya Labour katika kampeni za uchaguzi wa Februari 1950, ambao ulikiacha chama hicho na wingi wa viti vitano tu. Baada ya uchaguzi huo Strachey aliondolewa Wizara ya Chakula na kupelekwa Wizara ya Vita. Mwezi Oktoba 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Wahafidhina na washirika wao, takriban milioni 13.9 dhidi ya milioni 13.7, na bado ikashindwa kwa viti, 295 kwa 321. Sisemi kwamba karanga ndizo zilizoiangusha serikali ya Attlee, kwa kuwa hakuna mwanahistoria makini anayesema hivyo. Ninachosema ni kwamba haiwezekani kuandika hesabu ya serikali hiyo, mafanikio na hasara zake, kwa kuiacha Nachingwea nje ya daftari.

Kuna zaidi ya hapo. Mabishano ya wanahistoria juu ya mpango huu ni mabishano yale yale yanayohusu asili ya serikali ya Labour, yakiwa yamehamishiwa kwenye ardhi yetu. Wapo wanaouona kuwa ushahidi wa udhaifu wa kupanga uchumi kutoka juu, na hao wanaungana na wale wanaoulaumu ujamaa wa Attlee kwa jumla. Wapo wanaouweka ndani ya uhaba wa dola: mwezi Julai 1947 Uingereza iliruhusu pauni ibadilishwe kwa dola kwa uhuru, ikalazimika kusitisha ruhusa hiyo baada ya majuma matano hivi, na mwezi Septemba 1949 ikaishusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80. Kwa wanahistoria hao, karanga za Kusini, kama ilivyokuwa katani ya Tanga, zilikuwa njia ya kupata bidhaa bila kulipa dola au ya kuziingiza dola katika hazina ya London, wakati ambapo Ernest Bevin, Waziri wa Mambo ya Nje, alitumaini kwamba rasilimali za Afrika zingeiwezesha Uingereza kusimama yenyewe kati ya Marekani na Urusi. Na wapo D. A. Low na John Lonsdale, ambao mwaka 1976 waliieleza miaka hiyo kuwa uvamizi wa pili wa kikoloni, yaani wakati ambapo maofisa, mabwana shamba na wataalamu waliingia vijijini kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote wa utawala huo. Hoja hizi tatu zinatosha kufunga jozi mbili. Zinamlazimisha msomaji ajiulize kama huduma ya afya ya bure ya mfanyakazi wa Manchester na trekta lililong'oa msitu wa Nachingwea vilikuwa sera mbili za serikali mbili, au mikono miwili ya serikali moja.

Wanahistoria wa Uingereza wenyewe wamekuwa wakibishana juu ya ukuta huu unaoitenga himaya na siasa za nyumbani kwa miongo kadhaa. Mwaka 1984 John MacKenzie alionyesha jinsi himaya ilivyoingia katika shule, matangazo, sinema na michezo ya kuigiza ya Waingereza wa kawaida. Mwaka 2004 Bernard Porter akajibu kwamba wengi wao waliishi bila kuifikiria sana. Hiyo ni jozi kamili, ipo dukani, imefungwa kwa kamba yake, na imewekwa kwenye kabati la "Makoloni" ilhali mada yake ni wananchi wa Uingereza na siasa zao. Katika kabati hilo hilo kuna makabrasha ya mwalimu kuhusu nyaraka zilizofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, ambazo serikali ya Uingereza ilikiri mwaka 2011 kuwa nazo baada ya wazee wa Mau Mau kuishtaki katika Mahakama Kuu ya London: majalada takriban 8,800 yaliyoondolewa katika makoloni 37, ya Tanganyika yakiwamo. Mwezi Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Kama swali la tatu la mlangoni linauliza mwandishi alikuwa na nyaraka zipi mezani, basi makabrasha haya ndiyo jibu lake zito kuliko yote, na yanapaswa kukaa chini ya karatasi ile, mbele ya macho ya kila anayeazima.

Nilimweleza mwalimu jambo hili nilipokuwa nikirudisha jozi ya Attlee, baada ya kumwamkia na kukaa kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mtihani ndivyo ulivyo. Historia ya Afrika ina karatasi yake na historia ya dunia ina karatasi yake, na watoto hawa wananijia kwa sababu ya mtihani." Ni jibu la mtu anayewajua wateja wake, na sikulibeza. Hata hivyo nilimjibu kwamba yeye ndiye aliyewazoesha watoto hao kusoma vitabu viwili vinavyogombana, jambo ambalo mtihani haukuwahi kuwadai, na kwamba mwanafunzi wa Nachingwea, Masasi au Lindi ana haki ya kujua kwamba ardhi anayoikanyaga iliwahi kujadiliwa katika Bunge la Westminster kama jambo la ndani la nchi hiyo. Alicheka, akasema, "Basi niandikie huo muhtasari, nitaufunga na vitabu vyake." Nimekubali.

Nina maombi mengine madogo. Uskoti na Wales hazina jozi, ingawa bunge na baraza lao vilivyoanza kazi mwaka 1999 vimebadilisha hata maana ya kuandika historia ya Uingereza kama ya nchi moja. Wanawake wameingia kama wadai wa kura na kutoweka baada ya 1928. Hansard, yaani taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge la Uingereza, inasomeka bure katika intaneti, na kurasa chache zilizochapwa za mijadala ya karanga zingempa mwanafunzi nafasi ya kuzisikia sauti zenyewe kabla ya kusikia wanahistoria wamesema nini juu yake.

Kuhusu hali ya vitabu, unyevu wa pwani umevifikia baadhi, hasa vile vya karatasi laini, lakini mwalimu huvivalisha nailoni na kuvianika, na kurasa zilizopotea katika kitabu cha Wilson zimepachikwa nakala za fotokopi zinazosomeka vizuri. Kiingereza cha vitabu ni kigumu kwa anayetoka kidato cha nne, na huyo ningemshauri asome muhtasari kwanza. Ada ni shilingi 3,000 kwa jozi kwa majuma mawili, pamoja na dhamana ya shilingi 10,000 ambayo hurudishwa yote iwapo vitabu vimerudi salama. Kwa walio nje ya mji, kifurushi hupelekwa kwa basi hadi Lindi, Masasi au Nachingwea, na mwazimaji hulipa nauli ya kwenda na kurudi. Msimu wa minada ya korosho jozi huchukuliwa haraka, kwa hiyo anayeitaka ile ya Attlee ni vyema aandikishe jina mapema. Duka hufunguliwa asubuhi hadi magharibi isipokuwa Ijumaa mchana, na Jumapili hufungwa.